Uwanja wa Ukunda upanuliwe, au wa Mombasa unatosha?

Mwana wa Kibokoni: Ndugu zangu, kila msimu wa wageni ukikaribia hurudi hoja kwamba uwanja mdogo wa Ukunda upanuliwe ili ndege kubwa za kutoka Ulaya zitue huko huko Diani, Kwale. Nauliza, kwa haja gani? Hapa Mombasa tuna uwanja wa Moi wenye njia ya kurukia inayozidi kilomita 3, na nyingine fupi kando yake, na tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe mgeni hutoka Port Reitz, ulipo uwanja huo, hadi Diani bila kupanda feri ya Likoni. Fedha hizo ziboreshe kilichopo. Lakini ndugu zetu wa Kwale wamezoea kutaka kila kitu waletewe mlangoni.

Binti Mwabungo: Kaka, ningekujibu kwa utulivu lau ungeishia kwenye Dongo Kundu. Tumeletewa nini mlangoni? Kwa miaka mingi hoteli za Diani zimetangazwa Ulaya kwa jina la Mombasa. Mgeni analala Kwale, anaogelea Kwale, kisha anarudi kwao akisimulia Mombasa. Sisi ndio tuliosimama juani Likoni na wagonjwa wetu tukingoja feri, na ndugu zetu zaidi ya 270 walizama Mtongwe mwaka 1994. Waliokufa siku ile hawakuwa wameletewa kitu.

Mzee wa Mtongwe: Binti yangu, msiba ule usiutie katika hesabu za watalii. Waliozama walikuwa wakivuka asubuhi kwenda kazini, na feri ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Hakuna uwanja wa ndege ambao ungewaokoa. Naye aliyeanza maneno ya mlangoni ayaondoe, kwa sababu yamekwisha kutupoteza.

Mhasibu wa Hoteli: Naomba turudi kwenye ndege. Wengi huzungumza kana kwamba Ukunda hutua vindege vya uwanja mdogo wa Wilson, Nairobi, pekee, ilhali shirika la Jambojet huja kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta na ndege ya mapangaboi yenye viti 78, na zipo ndogo zinazowaleta wageni moja kwa moja kutoka Maasai Mara. Mgeni aliyemaliza kutazama nyumbu anafika ufuoni bila kuiona Mombasa, na mpango huo unafanya kazi vizuri. Ndege ya kukodi ya kutoka Ulaya ni jambo jingine kabisa: inataka njia ndefu zaidi, zimamoto wa kiwango cha juu, uhamiaji na forodha, na nafasi ya kuegesha. Uwanja wenyewe umebanwa na mji, kati ya barabara kuu ya Lunga Lunga na ile ya ufuoni. Anayetaka urefushwe atuambie ni nyumba za nani zitakazobomolewa.

Binti Mwabungo: Hapo mhasibu amegusa kidonda. Ibara ya 40 ya Katiba inataka mwenye ardhi iliyotwaliwa alipwe fidia kamili na upesi, lakini Kwale wako watu wengi wanaoishi bila hati juu ya ardhi waliyozikiwa babu zao. Hao watalipwa kwa karatasi gani? Watazameni wenzetu wa Malindi, ambao habari za kupanuliwa uwanja wao wamezisikia tangu zamani. Kwa hiyo sisemi upanuliwe kesho. Ninachokataa ni kuambiwa na mtu wa kisiwani kwamba sistahili hata kuuliza.

Mwana wa Kibokoni: Sikumtukana mtu. Nilisema kuhusu matumizi ya fedha za umma. Ikiwa hata wewe hutaki ubomoaji, basi tunakubaliana, ila hutaki kukiri kwa kuwa nimesema mimi.

Mhasibu wa Hoteli: Mnakubaliana nusu. Uwanja wa Moi hautoshi ikiwa mgeni akishuka anakutana na madereva wa teksi wanaomtajia nauli kwa kumpima rangi. Afadhali kuwe na basi la kwenda Diani kwa nauli iliyobandikwa ukutani.

Dereva wa Port Reitz: Bwana Mhasibu, nimesoma mjadala huu kimya mpaka ulipofika kwetu. Nauli ya Diani inahesabiwa kwenda na kurudi, kwa sababu kule ng'ambo madereva wenu hawatuachii abiria hata mmoja, na petroli hailipwi na hewa. Hoteli yako humtoza mgeni chupa ya maji bei ambayo mimi nanunulia chakula cha mchana, wala sijakuita mnyang'anyi. Basi lije, lakini lipite Dongo Kundu na liendeshwe na watu wa hapa.

Binti Mwabungo: Watu wa hapa wapi, mjomba, Port Reitz au Ukunda? Nasi mkituona hapo uwanjani mnatufukuza.

Dereva wa Port Reitz: Zamu kwa zamu, mwanangu. Waambie wenzako waanze wao.