Kalamu ya bangi ya nusu gramu hudumu siku ngapi? Yangu imezima siku ya 19

MamaZawadi_Aurora

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye ujuzi, na naomba kwa moyo wote tusihukumiane, kwa sababu jambo hili nimekwisha kuwauliza watu wawili ninaowaheshimu na wote wawili wakanipa mawaidha badala ya jibu.

Nina umri wa miaka 52, ninaishi Aurora katika jimbo la Colorado, na kwa miaka 11 nimefanya kazi ya usiku ya kuhudumia wazee, kuwainua na kuwageuza kitandani, kazi ambayo imeniachia maumivu ya kiuno yanayoninyima usingizi. Daktari wangu anajua kila ninachotumia. Mwanzoni mwa Januari nilinunua katika duka lenye leseni kalamu ya kuvuta mvuke wa bangi, ile ya kutumia hadi iishe na kuitupa, yenye nusu gramu ya mafuta, na mhudumu akaniambia kwamba kwa mtu anayevuta kidogo kama mimi itafika mwezi mzima. Ninavuta pafu 4 tu asubuhi nikitoka kazini, kabla ya kulala, na kila siku ninatia alama kwenye kalenda iliyo ukutani jikoni.

Siku ya 19 nilivuta pafu la kwanza, taa ya chini ikamwekamweka mara 10 kisha ikazima, na tangu hapo haitoi mvuke wowote. Nikiishika dirishani ninayaona mafuta yenye rangi ya asali, hayajafika nusu ya tangi lakini yapo ya kutosha. Je, kalamu hizi hudumu muda gani kwa kweli? Mafuta yameharibika, au nimepunjwa? Niongeze kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo niliisahau ndani ya gari, na baridi ilikuwa imeshuka hadi nyuzi 17 chini ya sifuri.

---

Mhudumu_wa_Kaunta

Shikamoo mama, na pole sana kwa kiuno. Nimefanya kazi katika duka la bangi hapa Denver kwa miaka 6, na swali lako ndilo ninaloulizwa kuliko mengine yote. Mwenzangu aliyekuambia "mwezi" hakukudanganya, lakini alikujibu kwa siku jambo ambalo hupimwa kwa miligramu.

Tufanye hesabu pamoja. Nusu gramu ni miligramu 500 za mafuta. Pafu la kawaida la sekunde 3 hivi huchukua takriban miligramu 3 hadi 5, kutegemea nguvu ya betri, upana wa matundu na jinsi mtu anavyovuta, kwa hiyo tukishika 4 kama wastani tunapata pafu 125 kwa kalamu nzima. Anayevuta pafu 4 kwa siku atafika siku 31, anayevuta 12 hatafika siku 11, na vijana watatu wanaopokezana kalamu moja sebuleni jioni ya Ijumaa wanaweza kuimaliza kabla ya Jumapili. Kalamu ya gramu 1 ni mara mbili ya hapo, na ya gramu 2 ni mara nne, ingawa kwa hizo kubwa betri lazima iwe ya kuchajika, la sivyo betri itaisha kabla ya mafuta. Wewe umevuta pafu 73, yaani kama miligramu 300, na kinachobaki ni 200. Hicho ndicho unachokiona dirishani. Kwa hiyo mafuta hayajaisha, na katika ujazo hukupunjwa.

Kilichokwama ni betri, na ninaishuku ile baridi ya garini. Betri hizi ndogo za lithiamu hupoteza nguvu nyingi zikipoa, na wakati huohuo mafuta ya bangi, ambayo hata katika joto la chumbani ni mazito kama asali, yakipoa huganda yasipenye kwenye utambi wa koili, yaani kile kiwaya kinachoyapasha moto. Mtu akivuta kwa nguvu hewa haipiti vizuri, anavuta tena na tena, na kila jaribio hula chaji iliyokuwa imebaki. Taa kumwekamweka mara kadhaa kisha kuzima ndiyo lugha ya kalamu nyingi ya kusema chaji imeisha.

Sasa fanya hivi, mama. Iache chumbani saa kadhaa ikiwa imesimama, mdomo juu, mpaka mafuta yalegee na kushuka kwenye koili. Usiiweke juu ya hita wala usiipashe moto kwa kiberiti. Kisha igeuze uangalie kitako chake chini ya taa. Kalamu nyingi za siku hizi, hata zinazouzwa kama za kutupa, zina kitundu kidogo cha chaji mfano wa kile cha simu, na mara nyingi huwa kimezibwa na vumbi la mfukoni hata mtu asikione. Ukikipata, kisafishe kwa kijiti cha meno kikavu, chomeka kwenye kompyuta au chaja ndogo ya zamani, si zile za kasi za simu mpya, na usilale ukiiacha kwenye umeme. Kama kitundu hakipo, usiifungue kwa bisibisi. Betri ya lithiamu iliyotobolewa inaweza kushika moto, na nimemwona mteja aliyekuja na kidole kilichoungua hivyo.

---

Mfamasia_wa_Zamu

Nashukuru kwa maelezo ya kaka hapo juu, na nitajazia upande wa kuharibika. Zipo saa mbili zinazotembea ndani ya kalamu moja: ya kuisha na ya kuchakaa. Mafuta yaliyofungwa vizuri na kukaa mahali penye giza na ubaridi wa wastani hubaki na hali nzuri kwa takriban mwaka mmoja, lakini mwanga, joto na hewa huigeuza THC, kile kiini cha bangi kinacholevya, polepole kuwa CBN, ambayo nguvu yake ni ndogo zaidi, na zile terpeni zinazoleta harufu ndizo hutangulia kutoweka. Utayatambua kwa rangi inayotoka kwenye asali na kuelekea kahawia ya kahawa, na kwa ladha iliyopooza. Wiki 3 katika majira ya baridi haziwezi kuyaharibu. Dashibodi ya gari mwezi Julai ndiyo ya kuogopwa, kwa mafuta na kwa betri pia.

Ladha ya kuungua ni jambo jingine kabisa. Ikija, maana yake koili inachoma utambi mkavu, na hapo mtu aache hata kama anaona mafuta yameganda pembeni, kwa sababu moshi ule si mvuke tena. Ninamsihi kila anayesoma asinunue kalamu kwa mtu wa mtaani kwa kufuata bei. Kufikia Februari 2020 Marekani ilikuwa imehesabu watu 2,807 waliolazwa hospitalini au kufariki kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na uvutaji wa mvuke, na 68 kati yao walikuwa wamekufa. Uchunguzi uliihusisha kwa nguvu asetati ya vitamini E, iliyokuwa ikitumiwa kuyazimua mafuta ya THC, na wagonjwa wengi walikuwa wamepata kalamu zao nje ya maduka rasmi.

Mama, kama unatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mwambie daktari hasa jambo hilo, kwa sababu bangi inaweza kuiongezea dawa hiyo nguvu.

---

Dereva_wa_Masafa

Samahani nikiingia na jambo ambalo hukuuliza, mama yangu, lakini wengi wetu humu ni wageni wa nchi hii na sitajisamehe nikinyamaza. Bangi imeruhusiwa Colorado kwa watu wa miaka 21 na zaidi, na maduka yalifunguliwa tarehe 1 Januari 2014, lakini sheria ya shirikisho bado inaihesabu kuwa dawa inayodhibitiwa, na mambo ya uhamiaji yanahukumiwa kwa sheria ya shirikisho. Mwezi Aprili 2019 idara ya uhamiaji ilitoa mwongozo ulioeleza kwamba kutumia bangi, au hata kufanya kazi katika biashara yake, kunaweza kumkosesha mwombaji uraia sifa ya mwenendo mwema, hata kama jimbo lake linaruhusu. Kama bado una grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote.

Kazini pia kuna hatari. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Colorado iliamua kwamba mwajiri anaweza kumfukuza mtu anayetumia bangi nje ya saa za kazi, na aliyeshindwa katika kesi ile alikuwa mgonjwa mwenye kibali cha tiba. Sisi wa malori ndiyo kabisa, kipimo kibaya kimoja kinaingia kwenye daftari la taifa lililoanza Januari 2020 na kila mwajiri analiona. Mafuta yanaisha kwa mwezi, lakini kwa mtu anayevuta kila siku mabaki yake kwenye mkojo yanaweza kukaa wiki 4 au zaidi baada ya pafu la mwisho.

Wala usiiweke kwenye begi la safari ya nyumbani, hata ikiwa tupu. Dar es Salaam, Nairobi na Dubai unakobadilishia ndege, kote ni kosa la jinai.

---

MamaZawadi_Aurora

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki mbili. Kitundu cha chaji kilikuwepo kwenye kitako, kimejaa uzi wa bluu wa sare yangu ya kazi. Nilikisafisha, nikachaji kwa saa moja kwenye kompyuta ya binti yangu, na mvuke ukatoka pafu la kwanza. Nimevuta siku 12 nyingine kwa kiasi kilekile, na jana pafu la tatu likaja na ladha ya kuungua, nikaacha hapohapo. Alama za kalenda ni 31, zikiwa na pafu 120.

Warfarini situmii, lakini grini kadi ndiyo ninayo, na fomu ya uraia ilikuwa tayari mezani. Dereva, Mungu akubariki mwanangu. Nimeirudisha kwenye bahasha, nina miadi na wakili Alhamisi, na sijanunua kalamu nyingine. Daktari ameniandikia mazoezi ya kiuno ya wiki 6 tuone yatafika wapi. Kalamu tupu nimeifunga gundi kwenye kitundu cha chaji na kuificha kabatini mbali na wajukuu, kwa sababu betri yake haifai kutupwa kwenye taka za kawaida. Duka nililonunua lina sanduku la kuzipokea, nitaipeleka Jumamosi.