Ubuyu ukishapata bei, mibuyu inakuwa ya nani?

Mjumbe wa Chemba:
Ndugu zangu, mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili katika kijiji kimoja wilayani Chemba. Zamani ubuyu ulikuwa wa watoto kumung'unya na wa kina mama kukorogea uji, wala hakuna aliyeuliza mibuyu ni ya nani. Sasa magari ya wanunuzi yanaingia hadi porini, na baadhi ya viongozi wetu wanataka mfanyabiashara mmoja apewe haki ya kununua peke yake, kwa maelezo kwamba ushuru utakusanyika kwa urahisi. Wanaopasua mabuyu ni wanawake, wengi wao wasio na mashamba ya maana. Je, kisheria uamuzi huo ni wa nani?

Bwana Misitu Mstaafu, Kondoa:
Ndugu mjumbe, uamuzi huo si wa mwenyekiti wala wa mtendaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji isimamie ardhi kwa niaba ya wanakijiji wote, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kuutungia sheria ndogo, ambazo hupitishwa kwanza na mkutano mkuu wa kijiji. Mkiiruka hatua hiyo, mnunuzi atakuja na kibali chake mkononi, nanyi mtakuwa vibarua chini ya mibuyu yenu wenyewe. Watazameni Wahadzabe wa Yaeda Chini wilayani Mbulu, ambao asali, mizizi na ubuyu ni chakula chao cha tangu na tangu: eneo lao liliendelea kumegwa na wakulima na wafugaji hadi mwaka 2011, walipopata hatimiliki ya kimila ya pamoja. Fedha za hewa ukaa, yaani malipo ya kutunza misitu inayofyonza hewa hiyo, zilipokuja, zilimkuta mwenye ardhi anajulikana. Sisi huku tunaanza na mnunuzi, na hilo linanisikitisha sana.

Mama wa Majengo, Dodoma:
Naomba niongeze habari ya kipimo. Tangu Umoja wa Ulaya uruhusu unga wa ubuyu katika vyakula mwaka 2008, tunaambiwa kila msimu kwamba bei ya nje ni nzuri. Kabla sijahamia mjini nilipasua mabuyu tangu alfajiri, vumbi lake jeupe likanikaba koo, nikajaza gunia. Mnunuzi akataka lumbesa: akaongeza debe zima juu, akalifunga kwa kamba kama kilemba, kisha akalipa bei ya gunia moja. Jua lilikuwa linazama na mnunuzi mwingine hakuwepo, nikapokea. Sasa ninyi mnataka kumfanya awe mmoja kwa muhuri wa kijiji? Dai mizani kwanza, kaka yangu, ushuru baadaye.

Mjumbe wa Chemba:
Nawashukuru, mama na mzee wangu. Nitaomba mizani iwe ajenda ya kwanza ya mkutano mkuu, na mkutano wenyewe ufanyike alasiri, kwa sababu uliopita uliitishwa asubuhi, wakati kina mama wote wako porini.