Toba ya George Wallace: tuihesabu au tuitupe?

Wakuu, George Wallace, gavana wa zamani wa Alabama, Marekani, aliyetetea ubaguzi dhidi ya Weusi, hana wa kumtetea, mpaka habari ifike kwenye uzee wake, alipowaomba Weusi msamaha. Hapo ndipo watu wanagawanyika: alitubu kweli au alikuwa anasaka kura?

Mimi naamini alitubu. Kinachonikera ni kwamba tangu mwanzo alijua anachofanya. Mwaka 1958 alipogombea ugavana mara ya kwanza, aliungwa mkono na NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, huku mpinzani wake John Patterson akibebwa na Ku Klux Klan, kundi la Weupe wabaguzi. Kura za maoni za chama cha Democratic zikamtupa nje Wallace. Alipokuwa jaji, wakili Mweusi J. L. Chestnut alisema Wallace ndiye jaji wa kwanza kumwita "bwana" mahakamani. Mtu huyohuyo, Januari 1963, anaapishwa pale Montgomery na kutangaza "utengano sasa, utengano kesho, utengano milele", yaani Weusi watengwe na Weupe, hotuba aliyoandikiwa na Asa Carter, mtu wa Klan!

Juni 11 mwaka huo akasimama mlangoni Chuo Kikuu cha Alabama kuwazuia wanafunzi Weusi Vivian Malone na James Hood wasijiandikishe. Rais Kennedy akachukua amri ya askari wa akiba wa jimbo, jenerali wao akamwambia gavana apishe, naye akapisha. Maigizo ya kamera tu. Ila virungu vya polisi wake kwa waandamanaji wa haki za Weusi kule Selma, Machi 1965, havikuwa maigizo: John Lewis, mmoja wa viongozi wao, alitoka pale fuvu limepasuka.

Wanaosema alifuata kura wana hoja, maana 1982 alirudi ugavana kwa kura za Weusi pia. Lakini aliondoka madarakani 1987. Mwaka 1996, hagombei chochote, yuko kwenye kiti cha magurudumu tangu apigwe risasi Maryland mwaka 1972, alimpa Vivian Malone tuzo ya ujasiri yenye jina la marehemu mkewe, Lurleen. Hapo alikuwa anatafuta kura ya nani? Alipofariki 1998, Hood alikwenda mazikoni, na Lewis akaandika kwamba amemsamehe.

Sasa, mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Alabama tawi la Birmingham kiliondoa jina lake kwenye jengo la michezo. Kuna wanaolalamika: kama Lewis mwenyewe alisamehe, nyie ni nani? Mimi niko na chuo. Lewis alisamehe kipigo chake, hakuagiza mtu aandikwe ukutani. Mbaguzi aliyelelewa hivyo na hajui lingine, ningemfikiria. Huyu aliijua haki, akaiuza kwa cheo, na nchi nzima ikaona biashara inalipa: 1968 aligombea urais akazoa majimbo matano ya Kusini.

Mnaopinga, niambieni: kwa toba ile, mnamdai nini Wallace ambacho hakulipa? Na kama hamumdai kitu, jina lingebaki kwa sifa ipi?