Leo nimeitwa MPIKA SUKARI, tena na mtu anayekoroga chai!!!

Bagasi_Kavu (#1)
Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka kwenye usaili wa kazi ya kufundisha chuo sasa hivi, naandika nikiwa nimening'inia kwenye daladala, herufi zikipishana mnivumilie.

Yule mzee mnamjua. Kila aliyepita uhandisi wa kemikali nchi hii anamjua. Yule mwenye noti za manjano, ukizipuliza zinakohoa. Yule ambaye tai yake ilihudhuria sherehe za uhuru. Ndiye aliyekaa katikati ya jopo.

Nimekaa. Kaifunua CV yangu kwa kidole kimoja, kama anafunua kidonda cha mtu. Mbele yake chai. Kijiko cha kwanza cha sukari: "Miaka 11 kiwandani." Kijiko cha pili: "Machapisho hakuna." Kijiko cha tatu, anakoroga, hata hanitazami: "Kwa hiyo wewe ni mpika sukari."

Mpika sukari! Na kijiko kinagonga kikombe, ting, ting, ting.

Jopo zima likacheka, mpaka yule dada wa utumishi anayeandika kumbukumbu za kikao. Naamini na kicheko amekiandika.

Sasa nisikilizeni. Miaka 11 nimekesha na evapareta nne zilizofuatana, yaani matangi ya kuchemshia juisi ya miwa ipungue maji. Mvuke wa boila unachemsha ya kwanza tu. Mvuke unaotoka kwenye juisi ya miwa yenyewe ndio unachemsha ya pili, wa pili unachemsha ya tatu, hadi ya nne ambako tumenyonya hewa na juisi inachemka kwenye nyuzi 60 hivi. Juisi inaingia na Briksi 15, yaani sukari kama asilimia 15, inatoka sirapu ya 60 na ushee. Vakyumu ikivuja saa tisa usiku mzee yuko wapi? Kalala, kajifunika noti.

Na huyu mzee alishakuja kiwandani kwetu na wanafunzi! Kofia ngumu kaivaa nyuma mbele. Akaniuliza mimi, MIMI, "Mbona mapipa ni manne, moja halitoshi?" Nikamweleza. Akaandika. Leo nina uhakika somo analofundisha ni langu, limebadilishwa mwandiko tu.

Aliyeubuni mfumo huo, Norbert Rillieux, alikuwa mwalimu wa chuo Paris kabla hajaenda kuhangaika na sukari Louisiana, hataza akapewa 1843. Angeketi pale leo angeambiwa: "Bwana Norbert, GPA ngapi? Sukari unapikia kuni au gesi?"

Maana GPA ndiyo ilifuata. Yangu 3.4, wanataka 3.8. Sawa, sikatai, kigezo ni kigezo, ungeninyima kwa hiyo tukaagana. Lakini uniite mpika huku sukari UNAIKOROGA? Ting, ting, ting. Vijiko vitatu! Kwa umri ule!

Kiwandani nako, tangu nianze shahada ya pili, bosi ananiita Profesa. Pampu ya molasesi ikiziba: "Mwiteni Profesa aizibue kwa nadharia." Kule Profesa, huku mpika. Mnataka niwe nini, sukari guru?

Ting, ting, ting. Nitaisikia kaburini.

Siti_ya_Dirishani (#2)
Nimewahi kiti cha mbele. Wa karanga pita huku.

DadaMaabara (#3)
Pole kaka. Ripoti yangu ya mafunzo kwa vitendo aliinusa, INUSA, mbele ya darasa, akasema inanuka alizeti. Nilikuwa kiwanda cha mafuta ya kula, alitaka inuke udi?

Chuma_Chakavu (#4)
Gazeti lote hili kumbe unataka kusema una 3.4. Ungeandika mstari mmoja tukakupa pole tukalale.

Bagasi_Kavu (#5)
Wewe #4 umesomea nini?

Chuma_Chakavu (#6)
Ualimu wa Kiswahili. Na siku nikihitaji mpika sukari nitakutafuta.

Klinka1450 (#7)
Bora wewe unanusa miwa. Mimi niko saruji, tanuri langu linapika klinka, yale mawe yanayosagwa kuwa saruji, kwa nyuzi 1,450, nyusi zangu zimebaki kwenye picha ya mahafali. Mama mkwe anawaambia majirani nachoma matofali.

Waya_Moto (#8)
Mnadeka. Mimi injinia wa umeme, tangu nihitimu ukoo mzima unaniletea pasi. Krismasi nimekwenda kijijini nimepokelewa na pasi sita na feni. Soda sikupewa.

DadaMaabara (#9)
@Waya_Moto nina jagi la umeme haliwaki, nije pm?

Waya_Moto (#10)
Mnaona sasa?

Mama_Genge (#11)
Samahanini wenye shule zenu. Kwa kuwa humu kuna mtu wa kiwandani, mbona sukari inaadimika kipindi cha masika? Mnaificha wapi?

Bagasi_Kavu (#12)
Mama, hatuifichi. Masika shamba ni tope, trela haliingii, miwa iliyolowa utamu umepungua. Viwanda vinasimama, tunafungua mitambo tunaikarabati. Lakini mama, umesoma alichoniambia yule mzee? Kijiko kinazunguka hivi...

Mama_Genge (#13)
Nimesoma mwanangu. Kwa hiyo mwezi wa saba itashuka?

Chuma_Chakavu (#14)
Mama muache mpika apumzike.

Mjasiria_Mbezi (#15)
Mna kemikali humu? Sabuni yangu ya maji nimeweka salfoniki, slesi, magadi soda, rangi na chumvi. Mwanzo ilikuwa nzito kama asali, nilivyozidi kukoroga imekuwa maji ya bomba. Nina oda ya shule kesho.

Bagasi_Kavu (#16)
Ndugu, uzi huu hauhusu sabuni. Mtu amedhalilishwa hapa.

Klinka1450 (#17)
@Mjasiria_Mbezi ongeza slesi.

Bagasi_Kavu (#18)
Usiongeze kitu! Chumvi uliweka kiasi gani?

Mjasiria_Mbezi (#19)
Kilo moja na nusu kwenye ndoo ya lita 20. Niliona inakuwa nzito nikanogewa.

Bagasi_Kavu (#20)
Yesu na Maria. Chumvi ina kilele chake. Kidogo kidogo inakaza sabuni, ukikivuka inaanza kuilegeza, na hapo hata uikoroge mpaka asubuhi hairudi. Pika nyingine nusu ndoo bila chumvi kabisa, kisha mimina hiyo iliyoharibika taratibu, kikombe kwa kikombe. Ikianza kuvuta kwenye mwiko, ACHA. Iache ilale povu litulie. Kesho kabla hujaipeleka niwekee picha hapa niione.

Mjasiria_Mbezi (#21)
Imekaza!!! Ubarikiwe sana mpika sabuni.