Simu imezama kivukoni Pangani, naiwasha lini?

binti_bweni
Habari za saa hizi wadau. Asubuhi nikivuka kutoka Bweni kwenda Pangani mjini kwa mtumbwi, simu ilichomoka mfukoni nilipoinama kushika ukingo, ikatumbukia karibu na ngazi. Kijana mmoja alipiga mbizi akaitoa, kioo bado kinawaka. Nikaizima hapo hapo. Sasa naona ukungu kwa ndani, upande wa kamera. Ni Samsung ya A, mfuniko wa nyuma haufunguki kwa mkono. Mume wangu kashaleta sado nzima ya mchele anasema niizike humo. Ndani kuna madeni ya wateja wangu wa dagaa na picha za mtoto tangu azaliwe. Naombeni msaada.

Mzee wa Kazi
Mchele dada, siku tatu usiiguse. Yangu ilidumbukia chooni ikapona, mpaka leo naitumia.

fundi_ngamiani
Dada pole sana. Niambie kwanza, maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa?

binti_bweni
Yalikuwa yamejaa fundi, ngazi za chini zote zimefunikwa. Kwani inahusu?

fundi_ngamiani
Inahusu sana. Pale mdomoni maji yakijaa bahari inapanda mtoni, kwa hiyo simu yako imekunywa chumvi. Ya Mzee wa Kazi ilikunywa maji ya bomba, hizo ni kesi mbili tofauti.

Mchele urudishe jikoni. Hauvuti maji yaliyojificha chini ya vile vibati vinavyofunika aisi (vile vipuri vidogo vyeusi vya bodi), na unga wake unaingia tundu la chaji. Hata Apple wanawakataza wateja wao kutumia mchele. Halafu tuseme umefanikiwa kuikausha: maji yataondoka, chumvi itabaki juu ya bodi, na kwa hewa yetu hii ya pwani itavuta unyevu upya kila usiku. Ndiyo maana watu wanasema "iliwaka vizuri, ikafa wiki ya pili".

Jambo la pili, kuizima hakujakata umeme. Betri bado imeshikana na bodi, ina volti karibu 4, na penye umeme na maji ya chumvi shaba inaliwa haraka. Utaona weupe kwanza, kisha kijani pembeni ya soketi. Kwa hiyo siku tatu za mchele ni siku tatu za kuliwa.

Toa laini na memori kadi sasa hivi. Usiwashe, usichomeke chaji hata kwa kujaribu, usiipulize kwa draya ya nywele. Tafuta fundi leo hii, hapo hapo Pangani au uje Tanga, ilimradi ana blowa ya kufungulia vipuri vya bodi na mita na yuko tayari kuitoa bodi nje. Anayetaka kuianika tu juani mkimbie. Akishafungua, kitu cha kwanza ni kuchomoa betri. Kisha bodi ioshwe kwa maji ya kuongezea betri ya gari, yale yasiyo na asidi, isuguliwe kwa mswaki laini, halafu spiriti ya asilimia 99. Ile ya kusafishia vidonda ni 70, iliyobaki ni maji, utakuwa unaloweka tena. Wengine wetu tunapenda thina kwa sababu inakauka upesi, ila inakula plastiki za soketi, mimi niliiacha. Ikikauka apime shoti kwa mita kabla ya kurudisha betri. Betri ikiwa imevimba, ibadilishwe bila mjadala.

Bei mpatane kabla hajafungua. Na umwambie unataka picha zitoke kwanza, mengine baadaye.

Mdau_Chuda
Samahani kuingilia, yangu imeandikwa IP68, ile alama ya kuhimili maji. Si naweza kuogelea nayo tu?

fundi_ngamiani
Hiyo hupimwa kwenye maji yasiyo na chumvi, yaliyotulia, simu ikiwa mpya. Baharini usijaribu, hasa kama ilishawahi kufunguliwa kubadilishwa kioo.

binti_bweni
Na laini je? Ndiyo ninayopokelea hela.

fundi_ngamiani
Laini haina shida. Isuuze kwa maji ya bomba, ifute, weka kwenye kitochi uendelee na biashara.

binti_bweni
Nimerudi. Fundi wa hapa mjini kaifungua jioni ile ile, kijani kilishaanza kwenye tundu la chaji. Imewaka! Picha na madeni yote nimehamishia simu ya mume wangu. Spika tu ndiyo inakoroma, na chaji inaingia taratibu.

fundi_ngamiani
Alhamdulillah. Spika na kile kipande cha bodi chenye tundu la chaji ni vipuri vya kawaida, vyote vinapatikana, avibadilishe kwa pamoja. Kabla ya hapo usiiache kwenye chaji mkiwa mmelala. Tundu likipata moto, chomoa.

Mzee wa Kazi
Na huo mchele mmeshaupika?

binti_bweni
Jana, na dagaa 😂