Naomba ushauri: fidla za kompyuta zinakosa ile huzuni tamu ya okestra

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada, hasa mnaotunga muziki wa filamu kwa kompyuta. Ninachotafuta ni ile hamu ya zamani iliyomo kwenye muziki wa John Barry wa Out of Africa (1985), uliompa tuzo ya Oscar: mwendo wa taratibu, fidla nyingi kwa pamoja, upana kama wa nyanda zenyewe za Kenya.

Melodia inakwenda mapigo 64 kwa dakika, fidla za kwanza juu, selo oktava moja chini. Noti ya nne kutoka mzizi wa kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) inashikiliwa juu ya kodi mpya kwa mapigo mawili, kisha inashuka kwenye ya tatu. Hapo ndipo moyo unapobanwa, na hapohapo sampuli (sauti za ala halisi zilizorekodiwa, ninazozipiga kwa kompyuta) zinasikika kama kinanda cha kanisani!

Makosa mawili nimeshayarekebisha. Kodi ya noti tatu kwenye sampuli ya fidla 16 inakuwa fidla 48, ndiyo maana ilikuwa nzito. Sasa kila noti ina kundi lake. Sampuli za noti zinazounganishwa bila kukatika (legato) huchelewa kutoa sauti, kwa hiyo traki inaanza milisekunde 100 mapema.

Kilichobaki ni mtetemo wa noti (vibrato). Kwenye sampuli unaanza papo hapo, wakati mpigaji wa kweli mara nyingi huiacha noti itulie kwanza. CC1 (gurudumu la kibodi la kubadili sauti) inaongeza nguvu tu, mtetemo haubadiliki. Je, nirekodi fidla moja halisi juu ya sampuli? Maikrofoni ikae umbali gani, na fidla hiyo iwe chini kwa desibeli ngapi isijitenge? Chumba hakina mwangwi kabisa.