Faili la mgonjwa aliyepandikizwa uroto: mfumo wetu ubadilishwe wapi?

Mtunza kumbukumbu, Unguja

Assalaam aleikum. Tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilipoanza, mwaka 2023, kuwapandikiza uroto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, watoto wenye selimundu (sickle cell), tiba hii imetusogelea, na watoto wa Unguja na Pemba watakaoipata watarudi kuhudumiwa hapa nyumbani kwa miaka mingi. Mfumo wa kompyuta ninaousimamia ulitengenezwa kwa mahudhurio ya kawaida: mgonjwa anaandikishwa, anapimwa, anapewa dawa, anaondoka. Kundi la damu lina kisanduku kimoja ambacho kikishajazwa hakibadiliki, na chanjo zinahesabiwa kuanzia tarehe ya kuzaliwa. Je, inatosha kuongeza fomu ya upandikizaji, au kuna mambo ya msingi zaidi ya kurekebisha?

Muuguzi wa wodi ya damu

Waaleikum salaam. Fomu haitoshi, kwa sababu kwa mgonjwa huyu tarehe inayotawala kila kitu ni ile aliyotiwa seli shina, yaani seli za uroto wa mtoaji zinazozaa damu mpya. Siku hiyo tunaiita siku sifuri; dawa za kuuandaa mwili huhesabiwa kwa siku zilizo kabla yake, na yote yanayofuata huhesabiwa kutoka hapo. Daktari anayeuliza mtoto yuko siku ya ngapi anataka kujua ni hatari ipi aitazamie: katika wiki za mwanzo, seli nyeupe zinapokuwa zimekwisha, homa peke yake ni dharura, na baadaye hofu kubwa ni seli za mtoaji kuishambulia ngozi, ini na utumbo wa mpokeaji. Kwa hiyo namba ya siku ijihesabu yenyewe na isomeke kando ya jina katika kila ukurasa.

Kipimo cha ciclosporin, dawa ya kushusha kinga, nacho kinahitaji sehemu ya kuandika saa ya dozi ya mwisho na saa damu ilipochukuliwa, maana kiwango kinachotafutwa ni kile kilichobaki kabla tu ya dozi inayofuata, na jibu lisilo na saa linaweza kumfanya daktari apandishe au apunguze dawa bila ya sababu.

Kuhusu chanjo, mfumo wako utamwona mtoto wa skuli kuwa amekamilisha, ilhali kinga yake ya utotoni kwa sehemu kubwa imepotea. Ratiba ianze upya kutoka siku sifuri. Chanjo zisizo na kirusi hai huanza miezi kadhaa baada ya kupandikizwa, lakini ya surua, ambayo ina kirusi hai, husubiri angalau miaka 2, na hata hapo hutolewa tu ikiwa hatumii tena dawa za kushusha kinga.

Fundi wa benki ya damu, Pemba

Nakuomba sana ukibadilishe kile kisanduku cha kundi la damu kabla ya jambo jingine lolote. Mtoto wa kundi B akipewa uroto na ndugu yake wa kundi O, chembe nyekundu zake hugeuka O polepole. Katika kipindi hicho anaongezewa chembe nyekundu za O, lakini plazma (maji ya damu yasiyo na chembe) ya B au AB. Hata baada ya kugeuka, mara nyingi plazma yake haitoi kingamwili dhidi ya B, kwa hiyo vipimo viwili vya kundi havitakubaliana, na fundi wa zamu ya usiku asiyejua historia atadhani sampuli zimechanganywa. Panahitajika sehemu nne: kundi la asili, kundi la mtoaji, kundi la sasa pamoja na tarehe, na agizo la aina ya damu ya kuongeza. Liongezwe na onyo kwamba damu yake ipigwe mionzi kwanza.

Jambo jingine: ndugu mwenye AS, yaani aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu na haugui, anaweza kuwa mtoaji, na mpokeaji naye akipimwa ataonekana ni AS. Mfumo usiifute selimundu kwenye faili kwa sababu ya jibu hilo, kwani madhara yaliyokwisha kuupata ubongo, figo au nyonga yanaendelea kufuatiliwa.

Mtayarishaji wa programu

Mtoaji apewe faili lake mwenyewe, lililounganishwa na la mpokeaji kwa namba na si kwa jina, kwa sababu ndugu wa baba mmoja hapa kwetu hutofautiana kwa jina la kwanza tu. Kila mmoja ana siri zake. Majibu ya virusi ya mtoaji yasifunguke kwa kila anayesoma faili la mpokeaji.

Mtunza kumbukumbu, Unguja

Shukran sana, nimeelewa kwamba kazi ni kubwa kuliko fomu. Lakini mtoto akiugua ghafla usiku huko Micheweni, na kituo hakina mtandao, tufanyeje?

Muuguzi wa wodi ya damu

Mfumo uchapishe ukurasa mmoja ambao mzazi atakaa nao, na uchapishwe upya kila anapohudhuria: tarehe ya siku sifuri, dawa za sasa na dozi zake, agizo la damu, chanjo zilizokatazwa, na simu ya daktari dhamana. Mstari wa kwanza useme kwamba homa ya nyuzi 38 haisubiri asubuhi.